Kabugho na Vioo vya Mlimani

Reli ilikuwa imefika Kasese mwaka uliotangulia, na treni bado zilikuwa zikishusha vitu ambavyo watu wa huku hawajaviona. Siku moja ilishuka shehena ya masanduku madogo, mazito kuliko yalivyoonekana, pamoja na Mzungu mrefu mwembamba aliyekuwa akimkimbilia kila mchukuzi aliyetaka kuyaweka juani. Alikuwa mtaalamu kutoka chuo kikuu kimoja cha Ulaya. Ndani ya masanduku mlikuwa na vioo vilivyopakwa dawa nzito ya picha na kufungwa kwa karatasi nyeusi. Wapagazi wakamwita Bwana Vioo, na jina likamshika.

Alitaka vioo hivyo vipandishwe mlima Rwenzori mpaka kwenye theluji, viachwe huko majuma kadhaa, kisha viteremshwe. Kazi ya kutafuta wapagazi alipewa Tefiro, nyapara aliyezijua njia za mlimani. Tefiro alikuwa Mkonzo wa vilima vya juu ya Bwera, na mtu wa kwanza aliyemwendea ni shemeji yake Yonasani, mume wa dada yake Kabugho. Yonasani alikuwa mkulima wa kahawa, mtu wa maneno machache ambaye sauti yake ilisikika kanisani tu, kwenye nyimbo. Alikubali bila kusitasita. Alikuwa amepanda mlima mara nyingi, na hakuuogopa.

Safari ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili, ile ya kuviteremsha vioo, ilikutwa na mvua iliyogeuka theluji, na wapagazi walilala chini ya mwamba wakiwa na blanketi zilizolowa. Asubuhi Yonasani alishindwa kusimama. Alipovuta pumzi, kifuani mlisikika mlio kama wa maji yanayochemka kwa mbali, na midomo yake ilikuwa imegeuka rangi.

Tefiro alimfuata Bwana Vioo. "Huyu tumbebe sasa hivi, bwana. Huku juu hatapona."

"Na sanduku lake?"

"Sanduku lisubiri."

Mzungu aliligeukia sanduku. Alikuwa amewaeleza mara nyingi kwamba alama zilizomo kwenye vioo vile hufifia zikikawia kwenye joto au unyevu. Lakini watu hawakutosha kumbeba mgonjwa na kubeba mizigo yote. Hatimaye aliinama, akaupitisha ukanda wa sanduku kwenye paji la uso wake kama walivyofanya Wakonzo, akasema, "Hilo nitalibeba mimi. Mchukueni yeye."

Waliteremka kwa zamu, Yonasani akiwa kwenye machela ya miti na blanketi. Bwana Vioo alikuja nyuma akiyumba. Walipovuka mto Mubuku aliteleza kwenye jiwe, sanduku likagonga mwamba, na wote wakasikia vioo vikivunjika. Hakuna aliyesimama. Yonasani alikata roho kabla hawajatoka kwenye msitu wa mianzi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Tefiro.

Aliyemrudisha nyumbani ni Magidu, Mwislamu mwenye lori lililofanya kazi kati ya Kasese na Bwera. Aliyaondoa magunia yaliyokuwa yamekwisha pakiwa, akaiweka maiti mahali safi, akaendesha polepole barabara nzima. Lori lilipokwama pale kilima kinapoanza, alikuwa mmoja wa waliotia bega chini ya jeneza. Kaburini alisimama kando na kofia yake kichwani mpaka mchungaji alipomaliza kusali, kisha akachukua jembe na kuwasaidia kufukia.

Kabugho hakulia mbele za watu. Msiba ulipokwisha alimwita kaka yake nyuma ya nyumba.

"Kaka, ndani ya lile sanduku mlikuwa na nini?"

"Vioo," Tefiro alijibu.

"Vya kujitazama uso?"

"Hapana. Vimepakwa dawa. Anasema kuna kitu kinaanguka kutoka juu na kuacha alama humo."

"Kitu gani?"

"Sijui, dada. Mimi nilikuwa nikiangalia miguu ya watu isiteleze. Sikuuliza."

Kabugho alirudi ndani. Kwa siku nyingi aliendelea na kazi zake: kupalilia, kuteka maji, kuwalisha binti zake wawili. Lakini mama mkwe wake, Rusi, aliyeishi naye ua mmoja, aliona kwamba anapika na kusahau kula. Jioni moja bibi huyo akamwambia, "Sema lililo moyoni."

"Nataka kukiona alichokuwa akikibeba."

Rusi, ambaye kwa kifo cha Yonasani alikuwa amemzika mtoto wake wa mwisho, alisukuma kuni motoni. "Basi nenda ukakione," alisema. "Watoto nitabaki nao."

Kabugho alimkuta Magidu kwenye soko la Bwera akipakia ndizi. Kiswahili alikijua cha sokoni, kile alichojifunza kwa wachuuzi wa ng'ambo ya mpaka. "Magidu, ule mutu ya vioo iko wapi?"

"Iko Kasese, mama. Amepanga chumba nyuma ya duka. Mimi ndiye napelekea yeye barafu kutoka Kasenyi, kwa watu wa samaki. Anaosha vioo vyake na maji baridi." Akafungua mlango wa lori. "Panda hapa mbele."

Chumba cha Bwana Vioo kilikuwa na dirisha moja lililozibwa kwa blanketi, na ndani mlinuka dawa na samaki. Kwa kuogopa kwamba safari ndefu ya meli ingezimaliza alama, alikuwa ameamua kuvisafisha vioo pale pale, kama mpiga picha anavyosafisha picha zake. Kila kioo kilikaa muda mrefu kwenye dawa, na dawa ilibidi iwe baridi, ndiyo maana ya barafu. Alipomwona mwanamke mlangoni amejifunga kitambaa cha kilio, alimtambua kabla hajaambiwa. Alisimama wima.

"Nimekuja kuona," Kabugho alisema.

Bwana Vioo hakumpa maneno ya pole. Baadaye Kabugho alisema kwamba hilo ndilo lililomfanya amwamini. Alisogeza kiti kwenye hadubini, akaweka kioo, akazungusha gurudumu dogo, kisha akampisha.

Mwanzoni Kabugho aliona ukungu wa kijivu wenye vumbi. Halafu, jicho lilipotulia, aliona doa jeusi, na kutoka kwenye doa hilo mistari iliyotawanyika pande zote. Mingine ilikuwa minene na mifupi. Mingine ilikuwa myembamba, punje moja moja zilizofuatana, ikaenda mbali mpaka ikapotea.

"Sisi tunaita nyota," Bwana Vioo alisema kwa Kiswahili chake cha kukwaruza. "Chembe ndogo sana inatoka mbali, juu ya mbingu. Inakuja na nguvu nyingi. Hapa, ndani ya dawa, inagonga. Kile iliyogonga inavunjika. Mistari minene ni vipande vyake. Hii myembamba ni mipya. Haikuwa ndani. Imezaliwa pale pale, kwa nguvu ya kugongana."

"Na huku chini haianguki?"

"Kidogo. Hewa inaimaliza njiani. Ndiyo tunapanda juu."

Kabugho hakuliondoa jicho. "Hizi zinazozaliwa, zinaishi?"

"Muda mfupi kabisa. Mfupi kuliko kupepesa jicho. Zinabaki alama tu."

"Na wewe unafanya nini na alama?"

"Nahesabu. Kila nyota, ngapi zimezaliwa, zimekwenda upande gani. Nyota nyingi, mia na mia. Watu wengine wamefanya hivyo kwenye milima mingine, na huko Ulaya wanajenga mashine kubwa za kuzigonganisha chembe kwa makusudi. Lakini zile za mbinguni, nyingine zina nguvu kuliko mashine yoyote."

"Unahesabu peke yako?"

"Hapa, ndiyo. Kwetu wanawake ndio wanakaa kwenye hadubini."

Kabugho aliinua kichwa. "Basi nifundishe."

Alirudi kwanza Bwera kumweleza Rusi. Alimwambia yote aliyoyaona, na bibi akauliza kama ni kitu kibaya, kitu cha kuua watu. Kabugho alisema hakuona ubaya ndani yake. Rusi akaitikia kwa kichwa polepole na kumruhusu.

Tefiro ndiye aliyewaka. Alikuja amekunja uso, hata kuketi hakutaka. "Utakwenda kumtumikia yule? Watu watasema nini? Mume wako ana muda gani ardhini?"

"Kaka, wewe ulikuwapo. Yule mtu alimuua Yonasani?"

Tefiro alitazama pembeni. "Hapana."

"Alikataa mumbebe?"

"Hakukataa."

"Basi usiniambie watu watasema nini."

Tefiro aliondoka bila kuaga, na kwa muda mrefu hakukanyaga tena pale uani.

Kasese, Kabugho alikaa kwa dada mmoja wa kanisani, na kila asubuhi alikwenda kwenye chumba kile. Kazi ilikuwa ngumu kuliko alivyodhani. Shingo iliuma, macho yalitoa machozi, na kioo kimoja tu, kisichozidi kiganja, kilimchukua siku nzima na zaidi, akikipitia ukanda kwa ukanda kama mtu anayepalilia shamba asiruke tuta. Alijifunza kutofautisha mstari wa kweli na mkwaruzo. Alijifunza kwamba mstari unaweza kuzama kwenye kina cha dawa, na kwamba sharti uzungushe gurudumu kuufuata. Kuandika hakujua, kwa hiyo alitamka hesabu, na Bwana Vioo akaandika. Kisha yeye mwenyewe alikihesabu kioo kile kile bila kutazama alichoandika. Hesabu zikipishana, walirudi wote wawili kutazama. Mara nyingi Kabugho ndiye aliyekuwa amekosea, hasa siku za mwanzo. Mara nyingine alikosea Mzungu. Hakuna aliyemcheka mwenzake.

Vioo vingine havikufaa. Unyevu ulikuwa umevila, au vilikuwa vimepasuka pale mtoni, na chini ya hadubini palikuwa na utusitusi mtupu. Kabugho alivifuta hata hivyo, akaviweka pamoja na vizima. Bwana Vioo alimwona na hakumzuia.

Siku moja alikutana na nyota ambayo hakuwahi kuona mfano wake. Mistari myembamba ilitoka imesongamana kama ufagio, yote ikielekea upande mmoja, mingi mno kiasi kwamba alianza kuhesabu, akapotea, akaanza tena. Alimwita Bwana Vioo. Huyo alitazama, akahesabu midomo ikicheza, akahesabu mara ya pili. Halafu akakaa chini kwenye sanduku tupu.

"Kubwa sana," alisema. "Kwenye vioo hivi sijaona nyingine kama hii."

Kabugho aliuliza, "Hii iliyoanguka hapa, ilitoka wapi?"

"Hatujui."

"Hata wewe?"

"Hata mimi. Hakuna mtu anajua."

Tangu mazishi, Kabugho alikuwa ameambiwa mambo mengi. Mchungaji alimwambia Mungu alimpenda Yonasani zaidi. Majirani walimwambia mlima umekasirika kwa kukanyagwa ovyo. Wengine walimtaja mtu aliyewaroga. Huyu, mwenye vitabu vyake vyote, alikuwa amekaa kwenye sanduku akisema hajui. Kabugho aligeukia ukuta, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile lori lilipofika, alilia kwa sauti. Bwana Vioo alitoka nje taratibu na kuurudisha mlango. Magidu, aliyekuwa ameleta barafu, alitaka kuingia, naye akazuiwa. Wanaume hao wawili walisimama uani, barafu ikiyeyuka kwenye pumba za mbao, mpaka mlango ulipofunguliwa.

Kazi ilikwisha mvua zilipokaribia. Bwana Vioo alivifunga vioo vilivyosalia kwa pamba na karatasi, na siku ya mwisho alimweleza Kabugho matokeo bila kuyapamba. Hesabu zao zilikuwa safi. Zilikubaliana na hesabu za milima mingine. Hawakuwa wamegundua jambo jipya. Hata ile nyota kubwa, kwa kuwa ilikuwa peke yake, isingetosha kuthibitisha kitu.

"Na vile vilivyovunjika mtoni?" Kabugho aliuliza. "Vingeleta kitu kipya?"

"Labda. Labda hapana." Akakaza kamba ya sanduku. "Siku ile, kama ingerudi, ningebeba tena mimi. Lakini tungeondoka mapema. Theluji ilipoanza tu, tungeondoka."

"Ndiyo," Kabugho alisema. "Mngeondoka mapema."

Walipeana mikono. Hakwenda kumsindikiza stesheni. Kahawa ilikuwa imeiva, na Rusi asingeiweza peke yake.

Alirudi Bwera, akachuma, akaanika, akalima maharage mvua zilipotulia. Hakuolewa tena, ingawa waliomtaka walikuwapo. Watoto wa sokoni walimpachika jina la Mama Vioo, naye akaliitikia. Binti zake aliwapeleka shule wote wawili, jambo lililowashangaza wengi kijijini, na alipoulizwa sababu alisema tu kwamba kuna kazi inayotaka mtu ajue kuandika.

Tefiro alikuja msimu uliofuata. Alikuwa ameacha kazi ya mlimani, sasa yu mgodini Kilembe, akichimba shaba. Alikuwa amekonda. Alimsalimia Rusi kwanza, kwa heshima zote, kisha akaketi kwenye mkeka ambapo dada yake alikuwa akichambua kahawa, akaanza kuchambua naye. Walichambua mpaka ungo mmoja ukajaa.

"Dada," alisema mwishowe, "niambie na mimi. Mle kwenye vioo uliona nini?"

Kabugho alimsogezea ungo karibu, na akaanza kumwambia.