Picha ya Baba Bila Kofia

Baba yangu hakuwahi kufuga hata kuku, lakini Makongeni nzima ilimwita kauboi. Alifanya kazi kwenye mashine za nyuzi katika kiwanda kimoja hapa Thika mpaka akastaafu, na ng'ombe aliowajua ni wale wanaoning'inia buchari. Cha ukauboi alikuwa na kofia moja pana ya kahawia, buti za ngozi, na mapenzi ya zile nyimbo za kantri ambazo redio hupiga Jumapili. Watu wa kwetu hawahitaji kuelezwa. Ingia baa yoyote Ruiru wikendi utawakuta wazee wa rika lake, kofia kichwani, wanacheza polepole wamefumba macho, na kwenye spika Mzungu analilia farasi wake na mke aliyemwacha. Baba aliacha pombe nikiwa bado shule ya msingi. Alienda, akanywa soda, akacheza, akarudi nyumbani.

Baba mkubwa, yaani kaka yake, hakuipenda hiyo kofia hata siku moja. Yeye ni mzee wa kanisa, na ndiye mwenye ng'ombe wa maziwa kule Kalimoni. Alisema ni kofia ya walevi. Baba alimjibu kwamba ng'ombe ni wako, kofia ni yangu, kila mtu achunge chake.

Mimi ni mpiga picha. Nina studio ndogo Kimbo, kati ya duka la dawa na kinyozi, na tangu nifungue sijapata mteja anayetaka sura yake mwenyewe. Wanataka uso laini kama wa mtoto mchanga, weupe ambao hawakuzaliwa nao, na kitambi kipotee. Nafanya. Nisipofanya nitakula nini? Lakini jioni nafunga mlango nikiwa nimechoshwa na uongo, na ndiyo sababu baba aliponiambia nimpige picha, na nisimfute hata kunyanzi moja, nilifurahi mpaka nikataka kulia. Kisha nikaelewa ni picha ya nini, na furaha ikaishia hapo hapo.

Alikuwa na saratani ya koo. Tulikuwa tumezunguka hospitali mpaka daktari wa mwisho akatuambia tumrudishe nyumbani ale anachotaka. Ale anachotaka, wakati hata uji ulikuwa unamkwama. Dawa zilikuwa zimemmaliza nywele zote, na tangu zitoke hakuvua kofia, si mezani, si kitandani. Mimi aliniita maitu, mama yangu, kwa sababu nilipewa jina la mama yake mzazi, na kwetu jina si mchezo. Siku hiyo mama alikuwa jikoni, tulikuwa sisi wawili tu, akaniambia kwa ile sauti ndogo aliyobaki nayo:

“Maitu, nataka picha ya kuwekwa mbele ya jeneza. Na kofia isitolewe. Wakikuuliza, waambie ni mimi nilisema.”

Nikasema sawa. Nilijibu haraka haraka kama mtu anayeitikia salamu, maana sikutaka aendelee kulitaja jeneza.

Sikumpeleka studio. Taa zangu ni za kufuta watu. Nilimkalisha kwenye kigoda ndani tu ya mlango wa nyumba yetu, mlango wazi, jua la saa kumi likigonga ukuta mweupe wa jirani na kurudi kwetu limepoa. Mwanga wa pembeni namna hiyo hauna huruma, unaingia kila mkunjo. Ndio nilioutaka. Shida ilikuwa ukingo wa kofia, ulimfunika macho yote yakawa gizani. Mteja mwingine ningemwambia aisukume nyuma kidogo. Yeye sikuweza, na kusema kweli niliogopa kuona kilichokuwa chini yake. Nikaenda jikoni nikachukua sinia la mama la kuchagulia mchele, lile la aluminiamu, nikamwekea mapajani limtupie mwanga kutoka chini. Akaliangalia, akaniuliza kama sasa anakusanya sadaka. Mama akacheka kule jikoni, kicheko ambacho hatukuwa tumekisikia kwa muda. Baba naye akataka kucheka, koo likamkataza, na hapo katikati, kabla maumivu hayajafika usoni, nikabonyeza.

Kuiediti nilichukua muda mrefu kuliko picha za harusi nzima. Nilitoa bluu yote iliyokuwa imeingia kutoka angani. Vivuli nikavipa kahawia, upande wa mwanga nikauacha na umanjano kidogo, rangi ya chai iliyoiva. Nyuma yake nikakaza giza mpaka kabati na kalenda vikapotea. Makunyanzi sikugusa. Kovu la mashine pale kidevuni sikugusa. Ugonjwa ulikuwa umemkausha mashavu, lakini chini ya ile kofia hukuona mgonjwa, uliona mtu aliyeshinda na mifugo kwenye vumbi maisha yake yote na hana deni la woga kwa mtu yeyote. Nilipomwonyesha alitazama, akasogeza karibu, akatazama tena, akasema huyu ndiye. Hiyo ndiyo picha pekee niliyowahi kupiga ambayo sioni haya kuiita yangu.

Alikufa mwezi huo huo. Jioni nyumba ikawa inajaa watu wa maombi na mipango ya mazishi, baba mkubwa akiongoza, maana yeye ndiye mkubwa, na ibada ingekuwa kanisani kwake kabla ya kuzika shambani Kalimoni. Nikaitoa picha ili iwekwe kwenye fremu kubwa na kwenye kijitabu cha mazishi. Watu waliisogelea. Shangazi wakaanza kulia. Baba mkubwa alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akasema picha ni nzuri sana na Mungu amenipa kipawa, ila kofia itolewe. Kanisani kwao mwanamume haingii na kofia. Hata watakaobeba jeneza watavua zao mlangoni. Sasa mwenye siku atakaaje mbele ya madhabahu na kofia ya baa?

Nilimwambia hiyo ni picha tu. Akasema hapana, huyo ni ndugu yangu. Nikamwambia baba mwenyewe alisema isitolewe. Akauliza, bila ubaya wowote, ni nani mwingine alisikia. Hakuna aliyesikia. Asiyekuwepo na lake halipo, na baba alikuwa mochari. Nikatafuta picha nyingine ya kuwapa. Kulikuwa na ile ya kitambulisho, ambapo anaonekana kama mshukiwa, ya harusi, ambapo hata mama alimtambua kwa suti, na za simu zenye ukungu. Wote walitaka ule uso nilioupiga mimi. Uso ule ule, lakini bila kofia.

Mimi si mtu wa kunyamaza. Nilimwambia baba mkubwa kwamba kama Mungu kazi yake ni kukagua kofia basi hana kazi. Shangazi mmoja akajifunika mdomo. Nikaongeza mengine ambayo mtoto hamwambii mzee, na nilikuwa tayari kuongeza zaidi, nilikuwa na hasira ya kutosha mazishi matatu. Yeye hakupandisha sauti. Alinitazama, macho mekundu, akasema:

“Maitu, wewe ni mama yetu sisi wawili. Mimi nataka tu asikataliwe mlangoni.”

Na nikaona kwamba aliamini. Huyu mzee alikuwa anaona kabisa ndugu yake amesimama mbele ya mlango fulani, anarudishwa kwa sababu ya kofia. Mtu mbaya ningemshinda. Huyu ningemfanya nini?

Mama akanivuta jikoni. Hakuniuliza baba alisema nini, na sidhani alitaka kujua. Alisema hana nguvu za ugomvi, kwamba hawa ndio watu atakaobaki nao, na shamba ni lile lile atakamozikwa yeye pia siku yake ikifika. Heri nusu shari, akasema. Nimtolee tu, wamzike. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, nikasema sawa kwa mara ya pili.

Watu hufikiri kutoa kofia ni kama kutoa chunusi. Chini ya kofia kwenye picha hakuna kichwa. Hakuna kitu. Ukiitoa lazima ulete kichwa kutoka mahali. Nilimuuliza mama nywele za baba zilikuwa zinaanzia wapi kabla ya ugonjwa. Akaweka kiganja kwenye paji lake, akakipandisha, akakishusha, akakipandisha tena, halafu akaanza kulia. Mimi mwenyewe nilijaribu nikashindwa. Mtu nimemwona maisha yangu yote na sijui nywele zake zinaanzia wapi. Baba mkubwa, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema nitumie chake. Walikuwa wakifanana, akasema, na utotoni mwalimu aliwahi kumchapa mmoja kwa kosa la mwingine.

Basi alasiri iliyofuata nikamkalisha pale pale, kwenye kigoda kile kile, mlango wazi, ukuta wa jirani ukiturudishia jua. Ilibidi mwanga ufanane, la sivyo hata mtoto angeona kiraka. Nikamwekea sinia mapajani. Hakuuliza la nini. Aliuliza tu kama ndugu yake alikaa hivi, nikasema ndiyo. Aliuliza kama aliangalia huku, nikasema ndiyo. Akavua kofia yake ya kwendea kanisani, akaiweka chini kando ya mguu, na machozi yakaanza kudondoka kwenye sinia, yanasikika. Nikamwambia asisogee. Haki, hilo ndilo nililomwambia. Nilikuwa nataka paji la uso tu, macho yake hayakunihusu.

Nilikata kichwa chake kutoka juu ya nyusi, nikakishonea kwenye picha ya baba. Nikaweka ile kahawia, ule umanjano, lile giza la nyuma. Lakini kivuli cha kofia kilikuwa kimelala usoni kwa baba mpaka karibu na pua, na mtu asiye na kofia hana kivuli hicho. Ikabidi nikifute. Nikaangaza macho, nikalainisha kope, nikapunguza makunyanzi yaliyokuwa yameingia ndani mno, na kila nilipogusa, yule mtu wa kwenye vumbi aliondoka kidogo. Kikabaki kichwa cha mzee mpole wa kanisa, amechanwa vizuri. Na kilikaa. Nilikuwa naomba kisikae, niwaambie imeshindikana, lakini hii ndiyo kazi yangu na naijua. Kilikaa vizuri kabisa.

Kalimoni kila mtu alisema amependeza. Baba mkubwa alisimama karibu na fremu wakati wa ibada na uso wake ulikuwa umetulia kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Kuna rafiki mmoja wa baba, Mluhya, walisimama mashine moja kiwandani miaka na miaka. Alikuja amechelewa, akakaa mbele ya ile picha akiisoma, kisha akanikaribia taratibu.

“Kauboi yuko wapi?” akaniuliza.

Nikamwonyesha jeneza. Sikuwa na kingine cha kumwonyesha. Kofia yenyewe iligawiwa pamoja na nguo zake nyingine, na sijui ni nani anayeivaa.

Mama ameitundika ile picha sebuleni Makongeni. Humwamkia kila asubuhi akifungua pazia. Niliprinti ile ya kwanza, ya kofia, nikaiweka kwenye fremu nzuri nikampelekea, nikidhani ametulia na atafurahi. Aliishika kidogo akanirudishia. Alisema hii niiweke mbali, hapa anaonekana mgonjwa, ile ya ukutani ndiyo yeye. Wajukuu wakiulizwa guka, babu yao, yuko wapi, wananyoosha kidole pale ukutani.

Hata hilo ningelivumilia. Nilijiambia kwamba mradi mimi namjua, yuko. Lakini nikifumba macho sasa nimwone, akiwa mezani, akiwa getini, akicheza na soda yake mkononi, anakuja na nywele za kaka yake. Najaribu kuzitoa, hazitoki. Basi naenda studio nafungua ile ya kwanza kwenye kompyuta, nimtazame alivyokuwa, na siku hizi hata hiyo naiona ni ya uongo, kama vile ni mimi niliyemvalisha kofia.