Fundi Aliyelima Malka

Ukishuka basi Garsen usiulize duka la kompyuta. Utaoneshwa maduka ya simu yaliyopangana kama meno, na moja la fotokopi. Uliza kwa Swabra. Wa kwanza utakayemuuliza atakunyoshea kidole, wa pili atakupeleka mwenyewe, na njiani atakusimulia jinsi Swabra alivyoifufua simu yake iliyotumbukia kwenye kibuyu cha maziwa.

Utakikuta chumba kimoja cha mabati, kati ya duka la dawa za mifugo na meza ya Mumina, mama wa Kiorma anayeuza maziwa na chai. Asubuhi mbuzi hupita wakipelekwa mnadani, adhuhuri mabati hualika kwa joto, na kutwa nzima vumbi hutafuta pa kuingilia. Swabra amelizuia kwa leso kuukuu anayoilowesha maji na kuitundika mlangoni. Skurubu huzitenga ndani ya vifuniko vya soda. Mashine huisemesha kama mtoto mwenye homa: haya mama, fungua mdomo tuone.

Kwao ni Wema, kando ya mto, binti wa mzee Harith, Mpokomo wa mpunga na migomba. Ufundi alijifunzia Malindi, akarudi kwa sababu, asemavyo, Malindi mafundi ni wengi kuliko mashine, na samaki wa huko wana chumvi mno. Lakini jina lake halikujengwa na bisibisi. Lilijengwa na kiganja. Kifaa chochote anachokitoa ndani ya mashine, hukiweka kwenye kiganja cha mwenye mashine. Kipya nacho hupitia hapo hapo kabla hajakifunga. "Kishike," husema, "mjuane kabla hakijaingia gizani." Katika mji ambamo Wapokomo, Waorma, Wasomali na Wagiriama huuziana kila kitu huku wakichungana kwa jicho la pembeni, desturi ile ndogo ilimpa Swabra wateja wa kila kabila.

Aliivunja siku moja tu, na siku hiyo mteja alikuwa Dadacha.

Dadacha ni Muorma, mtu wa ng'ombe tangu anatambaa, na ni katibu wa kamati ya malka. Malka ni njia za mifugo: vipande vya ardhi vinavyoachwa wazi katikati ya mashamba hadi mtoni, ili ukame ukibisha ng'ombe washuke kunywa bila kukanyaga mahindi ya mtu. Kamati yenyewe ni nusu wakulima, nusu wafugaji, na mabishano yake hayana nusu. Safari hii walikuwa wamepigiwa picha za bonde zima kutoka angani kwa ndege isiyo na rubani, zikatengenezwa ramani inayogeuzwa huku na huku kama embe mkononi. Jumamosi ingeoneshwa ukutani pale shule ya Wema, kila mtu aone kwa macho yake malka ipi iko wazi na ipi imezibwa.

Tatizo lilikuwa laptopu ya katibu. Ramani ilichelewa kufunguka hata mtu angeweza kukamua ng'ombe akarudi. Swabra akashauri aongezewe memori: ilikuwa na giga nne, ikitiwa nne nyingine zitakuwa nane, na mambo yatakwenda. Dadacha akakubali, akaiacha mashine mezani na kukimbilia mnadani, kwa kuwa mnada haumngoji mtu. Swabra akafungua mashine, akakishika kile kipande kipya, akatazama kushoto na kulia asione kiganja cha kukiweka. Basi akakifunga hivyo hivyo.

Kesho yake Dadacha akarudi.

Wafugaji wa kwao hawahesabu ng'ombe kwa sauti, wakiogopa husuda. Husimama langoni jioni wakilitazama kundi linavyoingia, na akikosekana ndama mmoja wanajua. Dadacha alikuwa ameitazama mashine yake kwa jicho lile lile.

"Fundi, ulisema zitakuwa nane."

"Ni nane, kaka."

"Nane imeandikwa, nimeiona. Pembeni imeandikwa zinazotumika ni sita kasoro. Sasa hao wengine wamelala wapi?"

Mumina alikuwa akimimina chai. Birika likasimama hewani.

"Mimi sisemi kitu," Dadacha akaongeza kwa upole. "Nauliza tu, maana sikuwepo."

Maneno ya upole yana kucha. Angefoka, Swabra naye angefoka, wakaamuliwa, yakaisha. Lakini neno la upole halifokewi, na meza ya Mumina ndiyo redio ya Garsen. Kabla ya swala ya adhuhuri habari ingefika mnadani kwamba binti wa Harith kampunja katibu wa Waorma, tena kwa kazi ya malka. Jumamosi nusu ya watu wangetazama ramani, na nusu wangemtazama baba yake. Jina alilolijenga kiganja kwa kiganja lingekwisha hapo.

Akamvutia Dadacha kiti. Akaifungua mashine mbele yake, akachomoa kile kipande cha memori na kukiweka kwenye kiganja kilichokosekana jana. Dadacha akakigeuza, akaisoma ile nne iliyoandikwa mgongoni, akakirudisha. Swabra akayasugua meno ya kile kipande kwa ufutio wa penseli, akakipachika, akawasha. Sita kasoro. Akapekua mahali ambapo mashine huweza kuamriwa isitumie memori yote, labda mtu aliwahi kuweka mpaka. Hapakuwa na mpaka. Akafungua ukurasa unaoonesha nani anatumia nini, akashuka nao mstari kwa mstari, na chini kabisa akakuta giga mbili zimeandikwa zimetengwa kwa ajili ya vifaa.

Hapo alivuta pumzi. Akaizima mashine, akaiwasha huku akibonyeza kitufe cha kuingia kwenye mipangilio yake ya ndani, ule ukurasa mkavu usio na picha, na mwenye kuzishika akamkuta huko. Laptopu ile haikuwa na kadi ya picha yenye memori yake yenyewe. Chipu yake ya picha iliishi pamoja na prosesa na kula chungu kimoja na wenzake, na mpangilio uliiachia mashine ijiamulie kiasi. Memori ilipokuwa chache, chipu ilijichukulia kidogo. Ilipoongezwa, ikafanya kama mgeni aliyeona sufuria limebadilishwa: ikajipakulia giga mbili nzima.

Swabra akaeleza. Dadacha akaitikia kwa kichwa, kama watu wanavyomwitikia daktari.

"Kwa hiyo ziko humu humu?"

"Ziko. Chipu ya picha imezishika."

"Inazifanyia kazi gani?"

Swabra akatazama skrini iliyotulia. "Sasa hivi, hakuna."

Alipolisema hilo, damu ya kwao ikamchemka. Shamba la mzee Harith limepakana na malka. Utoto wake wote Swabra alilima kando ya kipande kile cha udongo mweusi, mzuri kuliko ule waliokuwa wakiulima, kikiota nyasi tu. Kila msimu wa kupanda baba yake alikitazama na kuhesabu kwa sauti migomba ambayo ingesimama pale. Mtoto wa mkulima akiona ardhi tupu, mkono unamwasha. Na Mumina bado alikuwa ameshika birika.

Basi akakishusha kile kiwango cha chipu mpaka chini kabisa. Mashine ikaamka na kuandika nane kasoro kiduchu. Dadacha akatabasamu, chai ikamiminwa, na Mumina akatangaza kwamba kundi limerudi lote, ahirisheni kesi.

Dadacha akaifungua ramani.

Mto ukatokea, wa kahawia, ukijikunja kama ushanga uliotupwa. Ulifunguka upesi kweli. Akausogeza karibu aione Wema. Picha ikatetemeka, ikachanika vipande vipande, ikawa nyeusi. Akafunga, akafungua, ikawa nyeusi mapema zaidi. Mwisho programu ikaandika kwamba haiwezi kuendelea, ikajizima. Jana ilikuwa polepole, leo imekataa, na Jumamosi iko mlangoni. Jasho likamtoka Swabra lisilo la mabati.

Dadacha, ili asimharakishe fundi, akageuka kupiga soga na Mumina. Akamweleza kuhusu malka moja iliyowasumbua kwenye kamati. Mwenye shamba la jirani aliitazama miezi na miezi, hakuona hata mbuzi anapita, akasema huu ni upotevu, akapanda. Kiangazi kikaingia.

"Wakamlaumu mchungaji," akasema. "Lakini ng'ombe hajui kwamba njia imelimwa. Anajua maji yako wapi."

Kidole cha Swabra kikasimama juu ya kibodi. Akaikumbuka siku moja ya utotoni, kundi likipita katikati ya mpunga kwa kuwa njia yake ilikuwa imepandwa mahindi, wanaume wamesimama pande mbili na fimbo, na mama yake akiwafungia watoto jikoni. Hakuna aliyeumia siku ile, ila mpunga. Akatazama ile skrini nyeusi, na kicheko kikamtoka kabla hajakizuia.

"Kaka Dadacha, niwie radhi. Nimelima malka."

Wote wawili wakamtazama. Akawaeleza kwamba ile sehemu iliyotengwa ndiyo njia ya picha kwenda majini. Siku nyingi haipiti kitu, mtu akaona ni upotevu. Ikija ramani nzito kama hii, ndilo kundi la kiangazi, na yeye ameshapanda mahindi njiani, kwa sababu ya tamaa na kwa sababu ya birika la Mumina.

Dadacha akavuta kiti karibu. Sasa ilikuwa kazi anayoijua.

"Mwanzo ilikuwa na upana gani?"

"Giga mbili."

"Hiyo ni ya ng'ombe, punda na msafara wa harusi. Punguza, lakini usizibe. Iache moja."

"Moja ni kubwa, kaka. Robo inatosha."

"Robo apite nani, kuku?"

"Kumbe wewe uko upande gani?" Swabra akamuuliza. "Unanyang'anya mashine yako mwenyewe."

"Nikiona njia, niko upande wa ng'ombe."

Wakabishana hivyo, mkulima akibana na mfugaji akipanua, mpaka Mumina akajitangaza mwenyekiti na kuamua nusu. Swabra akakubali, kwa kuwa kwa ufundi pia nusu ilikuwa na maana: chipu ile ikizidiwa huweza kuazima zaidi kwenye memori ya wote na kurudisha ikimaliza. Mradi tu ipate lango lake.

Akaweka nusu, akawasha. Zinazotumika zikawa saba na ushei. Ramani ikafunguka, mto ukageuka bila kutetemeka, na Dadacha akaushuka kutoka Garsen hadi Wema kama mtu anayetembea. Malka zikaonekana, nyuzi za rangi ya majani makavu katikati ya kijani. Akaisogeza mojawapo karibu zaidi. Kando yake kulikuwa na shamba ambalo Swabra angelijua hata usingizini, na safu moja ya migomba imechungulia mpaka ndani ya njia.

Dadacha akaondoa mkono kwenye kibodi.

"Na hapo pia," akasema Dadacha, "mimi sisemi kitu."

Safari hii maneno yale hayakuwa na kucha. Swabra akatoka nje, akampigia baba yake simu. Aliyomwambia, Mumina aliyasikia yote, lakini kwa mara ya kwanza redio haikutangaza. Mzee Harith alinung'unika, akauliza ni nani aliyemchongea, akaambiwa amechongewa na ndege asiye na mdomo. Akanung'unika tena. Ijumaa akaing'oa migomba, akaihamishia nyuma ya nyumba.

Jumamosi ramani ikatandazwa ukutani pale shuleni, watu wakabishana mpaka sauti zikakauka, juu ya njia nyingine. Mzee Harith alikaa mbele kabisa. Akauliza kwa sauti kuu ni fundi gani aliyeitengeneza mashine nzuri hivi, kana kwamba hamjui. Katibu akamtaja Swabra kwa jina, na jina la baba yake, mbele ya wote.

Wiki iliyofuata Dadacha akafika tena dukani na laptopu ya binamu yake, nayo ikihitaji memori. Akaiweka mezani, akageuka. Swabra akakimbilia mlangoni, leso ikimdondokea maji begani, kipande kipya kiko mkononi.

"Kaka, ngoja. Njoo ukishike kwanza."

Dadacha alikwisha vuka barabara.

"Shika wewe, fundi," akajibu bila kugeuka. "Mimi nina ng'ombe wananingoja."