Betri ya Kubebwa na Watu Wawili

Mwaka ule nilikuwa nauza betri mchana na kuzitengeneza jioni. Za mchana zilikuwa betri za kweli, za sola na za magari, katika duka ambalo baba alilianzisha Kariakoo alipotoka Kilimanjaro akiwa kijana. Za jioni zilikuwa ndani ya mchezo wa kompyuta wa kujenga kwa vitofali, ule ambao mchezaji anachimba, anajenga, anabomoa na kujenga tena. Mimi na mwenzangu mmoja, msichana wa Mtwara niliyemfahamu kwa sauti tu, tulikuwa tunaandika modi ya mchezo huo, yaani nyongeza ambayo wachezaji wengine wangeipakua ili wapate umeme ndani ya dunia zao: mitambo, nyaya, taa, na mahali pa kuhifadhi umeme wenyewe.

Hapo kwenye kuhifadhi ndipo tulipokwama. Betri yetu ya kwanza ilikuwa kitofali cha kukaa mahali pamoja. Ukiibomoa ili uihamishe, iliingia kwenye mkoba wa mchezaji ikiwa tupu, umeme wote umepotea. Mimi nilitaka mtu aweze kuhama na umeme wake. Nikaandika upya, kila betri ikawa inakumbuka chaji yake hata ikiwa mkobani, nikamtumia mwenzangu aijaribu. Akanijibu kwa voisi.

"Umeua nyaya," alisema. "Nimejaza betri mkoba mzima, nimevuka mlima, nimewasha taa za kijiji kizima. Sasa nani atajisumbua kuvuta waya?"

Alikuwa anasema kweli. Akapendekeza betri ivuje chaji kidogo kidogo njiani. Mimi niliona huko ni kumwadhibu mtu kwa sababu ametembea. Tukabishana siku kadhaa, kwa adabu, lakini kila mmoja akabaki na lake.

Baba alikuwa anatusikiliza. Tuliishi wawili tu, ghorofa ya tano, Mchafukoge, tangu mama alipofariki. Mapafu yalikuwa yamemchosha, na hospitali walimwagiza avute oksijeni kwa mashine iliyochomekwa ukutani karibu na kiti chake. Mrija wake ulifika mpaka mezani kwangu ila haukufika jikoni, kwa hiyo alizoea kukaa na mimi na kutazama kioo cha kompyuta.

"Hiyo betri mbona unaitia mfukoni kama peremende?" aliniuliza.

"Ni mchezo, baba."

"Najua ni mchezo. Nauliza tu."

Kisha, mchana mmoja wa joto kali, transfoma ya mtaani kwetu ikapasuka. Nilikuwa dukani. Baba alinipigia simu akaongea kwa vipande, neno moja, pumzi, neno jingine. Niliyoelewa ni kwamba umeme haupo, na inveta ya akiba imeanza kulia, maana yake betri ndogo ya nyumbani iko mwishoni. Nikachukua betri kubwa kuliko zote zilizokuwa zimejaa, nikamwita mtu wa mkokoteni tukaipakia, nikafunga duka. Mwenye mkokoteni alinifikisha mlangoni mwa jengo letu akaondoka kuwahi mzigo mwingine. Sikumzuia. Nilidhani nitaweza.

Ilikuwa betri ya maji, ile ambayo huruhusiwi kuilaza kwa sababu ya asidi. Niliinyanyua, nikapanda ngazi chache, nikaiweka chini. Lifti ilikuwa imekufa pamoja na umeme.

Chumba cha chini kabisa alikaa mama mmoja wa Lindi, fundi cherehani. Miaka yote tuliyoishi pale, maongezi yetu yalikuwa "Shikamoo" na "Marahaba", basi. Akatoka na futi yake shingoni.

"Unampelekea mzee?"

"Ndiyo, mama. Mashine yake inazima."

"Shika huko. Mimi nashika huku. Twende taratibu, tukianguka nayo hatumsaidii."

Mimi nilipanda kinyumenyume. Ngazi zilikuwa na giza, na hakuna aliyekuwa na mkono wa kushika simu awashe tochi. Yeye ndiye aliyekuwa anaona mbele, akawa ananiambia: kona, bado, sasa pana tambarare, tushushe. Jasho liliniingia machoni nikashindwa kulifuta. Tukapumzika. Niliisikia pumzi yake na yangu, na nikawa nafikiria pumzi ya tatu, ya juu.

Tulimkuta baba ameinama mbele, viganja juu ya magoti, midomo imebadilika rangi. Bado alijitahidi kuinua mkono kumkaribisha mgeni. Nikaunganisha nyaya, mashine ikaanza kunguruma. Mama fundi alikaa sakafuni, mgongo ukutani, na sote watatu tukaisikiliza kwa muda mrefu.

Baba alipopata sauti, alisema, "Karibu, mama. Utatusamehe, hatukuandaa chai."

Umeme uliporudi, nilimsimulia mwenzangu. Aliuliza kwanza hali ya baba. Tulipomaliza hayo, nikamwambia nimepata wazo: betri isiingie mkobani kabisa. Ishikwe kwa mikono miwili. Anayeibeba asikimbie, asiruke, asiweze kushika taa. Wakiibeba wawili, watembee mwendo wa kawaida.

"Na anayecheza peke yake?"

"Apate mkokoteni."

"Mkokoteni haupandi ngazi."

"Najua."

"Basi ajenge njia ya mteremko," alisema. "Hilo nalipenda. Tumempa kitu cha kujenga."

Tulipoitoa modi kwa wachezaji, wengi walinung'unika. Mmoja aliandika kwamba alikuja kucheza, hakuja kufanya upagazi. Mwingine alitengeneza nakala yake akaondoa uzito wote, watu wakamfuata. Iliniuma kidogo, kisha nikaona ni haki yao. Lakini kuna waliotutumia picha za njia walizochonga ubavuni mwa milima, zimezungushwa polepole mpaka kileleni, na mwenzangu alizitazama kuliko mimi.

Mama fundi alianza kupanda kwetu Jumapili, safari hii kwa chai. Na baba, kwa kukosa shughuli, akaniomba nimfundishe ule mchezo. Alikuwa mzito wa vidole na aligeuka kulia kila alipotaka kushoto. Siku moja nilirudi kutoka dukani nikamkuta yuko mezani, mrija puani, anaongea na yule binti wa Mtwara kupitia kompyuta yangu. Walikuwa wamebeba betri wawili, wameifikisha juu ya kilima fulani, na kibanda kimewaka taa.

"Shikamoo, baba. Mmefikaje huko?"

"Marahaba. Kwa shida," alisema bila kugeuka. "Huyu binti ni mzuri, ila hajui kusubiri."