Tope la Mwisho la Viza

Wenzake walimbandika jina la Viza, kwa sababu kila akitoka pangoni alinuka kama yai lililooza. Mkewe, mwosha vyombo katika maabara iliyomwajiri Viza, humpokea mlangoni na ndoo ya maji. "Hapohapo! Usinisogelee." Naye Viza hujibu, "Mke wangu, harufu hii ndiyo inayotulisha."

Kazi yake ilikuwa kuzamia kwenye pango lililo chini ya maji, karibu na ufuko, kushindilia mrija wa plastiki kwenye tope la sakafuni, kisha kuuziba humohumo kabla ya kupanda. Tope lile jeusi lina vijidudu visivyoonekana kwa macho, na hewa tunayovuta sisi, kwao ni sumu. Dunia ina mambo. Viza alikufa kwa kukosa hewa hiyohiyo, siku paa la pango lilipomporomokea. Walimtoa na mrija mkononi, umezibwa barabara. Mlango wa pango ukazikwa na mawe, hakuna wa kuingia tena.

Mkubwa wa maabara hakuwa na moyo wa kuufungua mrija ule. Akamwambia mjane, "Shemeji, ukiwa tayari utaniambia."

Mjane akawa anasema wiki ijayo, na wiki ijayo ikazaa nyingine. Akipita kwenye jokofu ulimowekwa mrija hunyata, kama anayepita chumba cha mgonjwa. Nyumbani mama mkwe, ambaye sasa haoni vizuri, ana swali moja tu: "Hawajafungua wakaona mwanangu alifia nini?"

Asubuhi moja mjane akajikaza. "Haya, fungueni."

Mkubwa akautoa mrija kwenye mfuko wake mweusi, akauinua kwenye mwanga. Mpira wa kizibo ulikuwa umekauka na kupata ufa mwembamba kama unywele. Tope limegeuka rangi ya kutu.

"Hewa imeingia, shemeji."

"Wamekufa?"

"Wote. Kosa langu. Tungefungua wiki ileile."

"Ulinisubiri mimi," mjane akasema.

Jioni mama mkwe alimsikia mlangoni. "Wamefungua?"

"Wamefungua, mama."

"Wamekuta nini?"

Mjane akavua kiatu kimoja, kisha cha pili. "Wamewakuta wazima. Wengi, hawahesabiki."

Kikongwe akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. "Unaona! Mwanangu hakuwa mtu wa kazi za ovyo. Na wanakula nini hao?"

"Sijui, mama."

"Basi kesho ukawaulize."

"Nitawauliza," akasema, akaenda kuwasha jiko.