Koti Lililochaguliwa kwa Bega

Kitu cha kwanza ambacho mtu alikiona kwake ni namna alivyogeuka. Watu wengine wakiitwa kwa nyuma hugeuza uso. Yeye aligeuka mzima mzima, miguu kwanza, kisha kiuno, kisha mabega, na kichwa kikafuata mwisho kikiwa palepale juu ya shingo, kama kabati linalohamishwa na watu wanaoogopa kuvunja kioo chake. Madereva wenzake wa pikipiki pale kituoni walimwita Bwana Harusi. Walisema anakaa kwenye pikipiki kama mtu anayepigwa picha ya ndoa: kifua mbele, macho mbele, wala hana habari na waliomzunguka. Walidhani ni maringo. Naye aliwaacha wadhani hivyo, kwa kuwa maringo hayamfukuzi abiria, lakini shingo mbovu humfukuza.

Shingo ile iliharibika msimu wa mvua uliopita. Siku hiyo alikuwa amevaa koti zito la mpira, lenye kofia ya kufunika kichwa, akaibana kofia hiyo chini ya helmeti na kujisifu moyoni kwamba hata tone moja halimpati. Kweli hakupata tone, wala hakupata sauti. Lori lililobeba mbao lilikuja nyuma yake likapiga honi, na honi ikaishia nje ya kofia. Ubao mmoja uliochomoza ulimgusa begani, kumgusa tu, akajikuta amelala mtaroni akitazama gurudumu la pikipiki yake likizunguka hewani bila kutoa mlio. Baadaye maumivu yalipungua, lakini gurudumu lile bubu liliendelea kumjia usingizini. Daktari alimwambia ana bahati. Alikubali kwamba ana bahati, ila ni bahati isiyogeuka kushoto wala kulia.

Tangu hapo aliendesha kwa masikio. Vioo vya pembeni alikuwa navyo, vizima na safi, lakini kila pikipiki ina mahali ambapo kioo hakifiki, na hapo ndipo mwenye shingo nzima hutupa jicho nyuma. Yeye alitupa sikio. Alilijua basi kwa pumzi zake, lori kwa kukohoa kwake, pikipiki nyingine kwa kelele zake za mbu mwenye njaa. Siku za jua hakuna aliyemzidi. Lakini mvua ikinyesha, vioo vilijaa matone, masikio yalijaa kishindo, na yeye akawa kama nyumba iliyozimwa taa huku mgeni asiyejulikana akizunguka uani.

Kwa hiyo wingu likitanda tu, alipata dharura. Leo plagi imeingia maji, kesho mnyororo umelegea, siku nyingine mama mkwe amezidiwa, ingawa mama mkwe huyo alikuwa na afya ya kushinda wote. Kituoni kulikuwa na dereva mmoja asiyekauka mdomo, aliyepewa jina la Redio, naye hakuliacha jambo hilo lipite.

"Pikipiki yako ni ya chumvi, Bwana Harusi," alimwambia. "Unaogopa itayeyuka."

Wote wakacheka, naye akacheka pamoja nao, kicheko cha menoni tu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na nyasi za mwaka huo zilikuwa zimeanza kutikisika: mvua zilikuwa zimeingia, zikinyesha karibu kila mchana.

Ndipo binti yake alipopiga simu. Alikuwa mtoto wao wa pekee, na alikuwa mbali, chuo cha ukunga. Alisema amemaliza, amefaulu, na Jumamosi atafika kwa basi la mchana. Kisha akaomba jambo moja: asiitiwe teksi. Alitaka baba yake amwingize mtaani kwa pikipiki, ameshika mgongo wake, kama alivyokuwa akimpeleka shule zamani. Baba akajibu sawa mwanangu, kabla hata akili haijafika. Simu ilipokatika aliendelea kuishika sikioni.

Binti hakujua. Wazazi walikubaliana asisumbuliwe huku mitihani iko mbele yake, wakamwambia kwamba baba aliteleza kidogo akachubuka goti. Sasa goti hilo lilikuwa linawadai ukweli. Akikataa kumpokea, itabidi aseme sababu. Akikubali, atampakia mtoto wake wa pekee nyuma ya mtu asiyeona wala kusikia kinachokuja, naye mtoto atakuwa ameegemea mgongo huo kwa imani yote.

Mkewe hakupiga kelele. Alikuwa msusi, na kazi yake ilimzoesha kusema maneno machache huku mikono ikifanya mengi. "Kabla hujampakia mwanangu," alisema, "niambie utajuaje lori likija."

Mke akiwa na furaha, binti alikuwa wa wote wawili. Akiwa na hofu, binti alikuwa wake peke yake.

Kesho yake mume alikwenda sokoni kutafuta koti. Alikuwa amejiambia kwamba kosa lote lilikuwa la koti lile la mpira, na kwamba akipata koti lisilo na kelele na lisiloziba masikio, mengine yatajipanga. Muuza makoti, mama mmoja mnene mwenye kiti chake cha plastiki katikati ya nguo kama malkia, alimwona mteja akichukua koti la kwanza, akilinyanyua hadi sikioni na kulitikisa. La nailoni lilichachatika kama mafuta kwenye kikaango. La plastiki lilipasuapasua kama moto wa majani makavu. Akalirudisha, akachukua jingine, akalitikisa, akafumba macho.

"Kaka yangu," muuzaji alisema mwishoni, "hilo ni koti, si simu. Hata ukilisikiliza mpaka jioni halitakujibu."

Koti pekee lililokaa kimya lilikuwa la mpira, zito, ndugu wa damu wa lile la mwaka jana. Alilivaa, akajilazimisha kuivuta kofia yake kichwani. Soko likafa. Midomo ya watu ilikuwa ikifunguka na kujifunga, kuku walikuwa wakipiga mabawa ndani ya tenga, na yote yalikuwa mbali, kama mambo yanayotendeka chini ya maji. Kisha kitu kikamgonga nyuma ya mguu. Aligeuka kwa ule mgeuko wake wa kabati na kuona mkokoteni uliojaa viazi, na mwenye mkokoteni ametoa macho, mishipa imemsimama shingoni, kumbe alikuwa akimpigia kelele muda wote. Bwana Harusi alilivua koti lile kama mtu anayejitoa kwenye mdomo wa mamba. Alirudi nyumbani mikono mitupu.

Mchana huo mvua ilimkuta barazani. Mkewe alikuwa akimsuka jirani yao, ambaye alikaa kwenye mkeka chini, yeye juu kwenye stuli. Mvua ilipiga bati kwa fujo hata maneno hayakuwezekana. Mume aliketi pembeni, akiwatazama bila kuwaangalia. Mkewe alimgusa jirani nyuma ya sikio kwa ncha ya kidole, na kichwa cha jirani kikainama kushoto. Akamgusa upande wa pili, kikainama kulia. Akaweka viganja viwili kisogoni, kikainama mbele. Hakuna aliyesema neno. Hata jirani mwenyewe alikuwa anasinzia.

Mume alitazama mara ya pili, safari hii akiangalia. Mkewe akaliona jicho lake. Aliuacha msuko nusu, akapita nyuma ya mumewe, akambonyeza bega la kulia. Mume hakufikiri, mwili wote uliegemea kushoto, ukipisha. Akambonyeza bega la kushoto, ukapisha upande wa pili. Mvua ilipopungua mkewe alirudi kwenye stuli yake, akaokota kitana.

"Wanasema kidole kimoja hakivunji chawa," alisema. "Lakini kinageuza kichwa cha mtu mzima. Atakayekaa nyuma yako ana macho na ana vidole."

Asubuhi walikwenda sokoni pamoja. Muuza makoti alipomwona yule mteja wa jana alijiandaa kwa mchezo mwingine, na hakukosea. Mume alivaa koti, akafumba macho. Mke alisimama nyuma akambonyeza begani kwa nguvu zilezile anazotumia kwenye kichwa cha mteja. Ndani ya koti la mpira hakusikia kitu, angeweza kubonyezwa na tembo. Ndani ya koti la nailoni lenye kitambaa cha joto ndani, alihisi kitu lakini hakujua upande. Waliendelea hivyo hadi wakafika kwenye koti moja fupi la rangi ya chungwa, lenye suruali yake, jepesi, kiunoni lina mpira wa kubana. Mabegani lilikuwa na tabaka moja tu. Mke alibonyeza, na mume akaegemea upande kabla kidole hakijaondoka.

Muuzaji alikuwa mkweli. Alisema koti hilo halimalizi siku sokoni bila mtu kulirudisha rafuni, kwa sababu lina mshono begani na mshono huo unapitisha maji.

"Ndiyo maana nalitaka," mume alijibu. "Bega likilowa litakauka. Lisiposikia, hatutakuwepo wa kukauka."

Akaomba mkasi, akaikata kofia ya koti hilo hapo hapo mbele ya muuzaji, ambaye alishika mashavu akisema ameuza makoti tangu ujana wake na hajaona mtu anayenunua koti la mvua kisha analikata kofia. Koti jingine la kijani, lenye tabaka moja kama hilo, walilichukua kwa ajili ya binti.

Ikabaki kujaribu. Mke hakuwa amepanda pikipiki ya mumewe tangu ajali, na mchana huo, wingu lilipoanza kumwaga, alisimama uani akiwa amevaa lile koti la kijani, ameshika kiti cha nyuma kwa mkono mmoja, kama mtu anayegusa sufuria kujua kama ina moto. Hatimaye akapanda. Walitoka polepole kwenye njia ya mtaa, wakaingia barabara kubwa.

Hofu ilikaa kati yao kama abiria wa tatu. Mume aliiona barabara mbele tu, kipande cha lami chenye mng'ao, matone yakikimbia kwenye kioo cha helmeti. Nyuma yake hapakuwa na kitu. Palikuwa ni giza lenye kelele. Kidole kikabonyeza bega la kulia: akakaa pembeni, pikipiki ikawapita. Kikabonyeza tena: gari dogo. Akaanza kupumua. Kisha vidole vya mkewe vikamshika mabega yote mawili, vikaingia nyamani. Hiyo ndiyo alama waliyokubaliana ya kitu kikubwa. Kila kiungo cha mume kilitaka kugeuka kuona, na shingo ikakataa. Ilimbidi aamini. Akapunguza mwendo, akaiteremsha pikipiki kwenye ukingo wa udongo, na hapo hapo ukuta wa chuma na matope ukapita kando ya kiwiko chake, mrefu, usioisha, ukawamwagia maji ya barabara nzima. Lilikuwa lori. Lilikuwa na mbao.

Walisimama. Mume alizima injini. Mkewe aliegemeza helmeti yake kwenye mgongo wake, na mume hakujua kama analia au anacheka.

"Bega linavuja?" mkewe aliuliza.

"Linavuja vibaya."

"Afadhali."

Kulikuwa bado na jambo moja, nalo lilimtisha kuliko lori. Mkewe alisema wazi kwamba mtoto habebwi kwa siri. Mwenye vidole lazima ajue kwa nini anabonyeza. Jioni ile mume alimpigia binti simu, akamweleza yote, lori la kwanza, mtaro, shingo, goti la uongo, dharura za kituoni, na koti lililochaguliwa kwa bega. Alimwambia pia kwamba akiogopa, teksi itakuwepo, na hakuna atakayemlaumu. Upande wa pili kukawa kimya kirefu. Alisikiliza kimya hicho kama anavyosikiliza barabara, akitafuta kinachokuja.

"Baba," binti alisema mwishowe, sauti imebadilika kidogo, "hayo ya goti tutayaongea nikifika." Kisha akavuta pumzi. "Gari likija upande wa kulia, nabonyeza bega lipi?"

Jumamosi alifika stendi ya mabasi mapema mno, amevaa koti la chungwa, lile la kijani limekunjwa kwenye mfuko mbele yake. Redio, aliyekuwa amemleta abiria pale, alimzunguka akimwangalia, akataka kujua ni nani aliyemenya chungwa akasahau kulila, na je, ile chumvi leo haiyeyuki. Bwana Harusi alimwambia kwamba inayeyuka, na ya kwamba shingo yake haigeuki tangu msimu uliopita, ndiyo sababu. Redio alifungua mdomo, ukakosa matangazo. Mwishowe akasogeza pikipiki yake kando, akampisha pale penye nafasi nzuri ya kupakia, karibu na mahali mabasi yanaposimama.

Mvua ilianza, matone mazito ya mojamoja. Kupitia ule mshono wa begani alihisi ubaridi wa tone la kwanza, upande wa kulia, kisha la pili, upande wa kushoto. Barabara ya kurudi ilikuwa ileile, na malori yalikuwa yaleyale. Alifungua mfuko, akalitoa koti la kijani, akaliweka tayari juu ya kiti cha nyuma. Kisha akafumba macho na kutega sikio, na mbali sana, nyuma ya kishindo cha maji, akadhani amesikia pumzi za basi.