Nyumba ya Kambi

Mutoto wangu wa kwanza alizaliwa amekufa, katika chumba kile kile mama alinizalia mimi. Mwaka ule nilikuwa bado naruka kamba na wenzangu.

Leo jirani amewasha moto kwa mbao za zamani za reli, na moshi wa lami umenirudisha kule. Nyumba yetu ya kambi ya reli, hapa Kindu, ilinuka vile mpaka kwenye mashuka.

Baba alikuwa fundi wa reli. Kazi yake ikaisha, wakamwambia ahame, maana nyumba ilikuwa ya mufanyakazi mwenye bibi. Yule aliyemurithi kazi hakuwa na bibi. Basi baba akafanya akili: akanipa kwake niwe bibi yake wa ndoa, ili wote tubaki.

Mukubwa wa kambi akaja kuhakikisha. Akanikuta napepeta muchele.

"Mama mwenye nyumba njo huyu kweli?"

"Njo yeye, citoyen," baba akajibu kwa jina la heshima la wakati ule. "Ufupi si ugonjwa."

Wakacheka, wakafungua bia.

Nikatoka chumba cha watoto, nikaingia chumba cha wazazi. Wao wakahamia chetu. Kupitia ukuta nilisikia hata baba akikohoa.

Baba amekufa, mukubwa wa kambi amekufa, na bwana yule alinifukuza zamani. Lakini wewe mama uko hai, unakula kwangu. Usiniambie ilikuwa desturi, maana kwetu mukwe hata sahani moja hali na mama mukwe, sembuse kulala ukuta mumoja. Nilikuita usiku, ukanisikia. Ulinyamaza kwa nini? Nijibu.