Mwanamke wa Chungu, Daraja la Vauxhall

Juzi nilirudi Vauxhall na binti yangu, na damu ikanichemka kabla hatujafika mtoni. Zile ngazi za kushukia ufukweni zimefungwa geti la chuma, na nyuma yake yamesimama magorofa ya vioo. Mlinzi akaniambia kwa upole, "Ni za wakazi tu, bwana." Wakazi! Mimi nimekulia mtaa wa pili.

Labda nawe umewahi kulivuka daraja lile bila kujua limebeba wanawake wa shaba, wakubwa kuliko binadamu, waliosimama kwenye nguzo zake miaka na miaka. Mmoja kashika kanisa dogo mkononi, mwingine chungu. Lakini waliowaweka waliwaelekeza majini. Apitaye juu haoni hata kisogo, mpaka ainame ukingoni.

Bibi alipotoka Pemba kuja huku ng'ambo kunilea, mama akiwa kazini hospitali, jambo hilo lilimuudhi. Kwao wanawake ndio hufinyanga vyungu, kwa hiyo yule wa chungu alimhesabu mtu wa nyumbani. Na mtu mzima haamkiwi kisogoni. Basi Jumapili maji yakipwa tulishuka zile ngazi, bibi na kanga juu ya koti, chupa ya chai ya tangawizi kwapani, maandazi ya moto mfukoni mwangu. Tulikanyaga matope yanayonuka mafuta mpaka tukawa tunatazamana naye.

"Mwamkie bibi yako."

"Shikamoo!" Sauti yangu ilivuma chini ya daraja. Ndipo tukala.

Mama alimcheka. "Mama, unaamkia sanamu?"

"Simfundishi sanamu, namfundisha mjukuu. Wewe mwenyewe leo hujaniamkia."

Bibi tumeshamzika. Mimi nimehamahama miji, sina nyumba wala shamba la kumwachia mtoto. Nilitaka kumwachia hilo tu: amwamkie yule mwanamke usoni, kama nilivyofunzwa.

Tukapanda darajani. Binti akainama ukingoni, nimemshika koti, akapaza sauti, "Shikamoo, bibi!"

"Si kisogoni!" Nilimfokea kwa hasira iliyokuwa ya geti, si yake.

Akanigeukia, akauliza kwa Kiingereza chake, "Sasa nipite wapi, baba?"

Chini maji yalikuwa yakitoka. Ufukwe ulianza kujitokeza, pale pale tulipokuwa tukila maandazi. Hapakuwa na mtu. Hao wakazi wenyewe hawashuki.